Siku tatu kwa miguu hadi Komarock

Wahenga walinena kwamba mtembezi hula miguu yake. Usemi huo nimewarushia watoto wangu mara nyingi wanapoomba ruhusa ya kuzurura mtaani. Lakini likizo ya Agosti iliyopita niliila miguu yangu mwenyewe, tena siku tatu mfululizo, kutoka mjini Machakos hadi kilima cha Komarock, na sijuti hata chembe.

Msomaji, usije ukachanganya mambo. Komarock ninayoisema si ule mtaa wa Nairobi ulio jirani na Kayole. Hiki ni kilima cha mawe kilicho kando ya barabara ya Kangundo, upande wa Machakos, ambapo Wakatoliki wana mahali patakatifu pa Bikira Maria. Waumini hufika huko kuhiji, hasa wakati wa Kwaresima.

Chanzo cha safari yetu ni mama yangu mzazi, aliyezaliwa mwaka 1937. Alipokuwa na nguvu zake alikuwa akienda Komarock kwa miguu pamoja na kina mama wenzake wa kanisani. Siku hizi magoti hayamruhusu hata kufika sokoni. Tulipomtembelea nyumbani kwake, nje kidogo ya mji wa Machakos, alituambia, "Mwaka huu niazimeni miguu yenu."

Kitinda mimba wangu, mwanafunzi wa sekondari, akaninong'oneza kwamba matatu zipo tele. Masikio ya bibi yake bado ni mazima. "Mjukuu wangu," akamjibu, "matatu ina magurudumu. Mimi nimeomba miguu."

Kutembea kwa ajili ya sala si jambo geni duniani. Huko Uswisi, watu hubeba mizigo mgongoni wakapita katikati ya milima ya Alps, wakifuata njia ya kale ipitayo mji wa Einsiedeln, inayoelekea Santiago de Compostela nchini Hispania. Wengine huwa hata si watu wa dini. Hiyo ndiyo likizo yao. Hapa kwetu Afrika Mashariki, wako wanaotembea kwa majuma kutoka Kenya hadi Namugongo, Uganda, ili wawahi sikukuu ya Mashahidi tarehe 3 Juni. Safari yetu ya siku tatu, ukiilinganisha na hizo, ni ya kitoto.

Siku ya kwanza tulidamka alfajiri tukaupa kisogo mji wa Machakos. Mji huo ulipewa jina la Masaku, mtawala na mwaguzi mashuhuri wa Wakamba. Kampuni ya Waingereza ilijenga kituo hapo mwaka 1889, na Machakos ukawa makao ya utawala kabla ya Nairobi kuwa na jina. Reli ilipopita mbali, mji ukabaki nyuma.

Tulipanda milima ya Iveti polepole, kijana wangu mbele na mimi nyuma nikihema kama mvukuto wa mhunzi. Kwa gari, milima hiyo ni kona tu zinazokutia kichefuchefu. Kwa miguu, unaanza kuona kazi ya mikono ya watu. Kila mteremko umekatwa matuta kama ngazi, na juu ya ngazi hizo kuna mahindi, mbaazi, kahawa na miembe.

Matuta hayo yana historia. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa serikali ya kikoloni waliiona nchi hii ikimalizwa na mmomonyoko wa udongo, wakatabiri maangamizi. Lakini mwaka 1994 watafiti walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba tangu miaka hiyo hadi 1990 idadi ya watu wa Machakos ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko umepungua. Wenyeji, hasa akina mama katika vikundi vya mwethya, walichimba mitaro na kuutupa udongo upande wa juu ili ufanye ukingo. Njia hiyo huitwa "fanya juu", na vitabu vya kilimo vya Kizungu vimelichukua jina hilo la Kiswahili lilivyo.

"Kumbe susu naye alichimba?" kijana wangu akauliza. Nikamwambia kwamba ada yangu ya shule ilitoka katika matuta kama hayo. Alinyamaza hadi Kathiani, ambako mjomba wangu alitupokea kwa muthokoi na maji ya moto ya kukanda miguu.

Siku ya pili tulielekea Kangundo. Kufikia saa nne kijana alikuwa na lengelenge kwenye kisigino, kwa kuwa alikataa ushauri wangu akavaa viatu vipya. Tuliketi chini ya mti nikamfunga kitambaa. Ili asahau maumivu, nikamsimulia jambo ambalo bibi yake huliongelea kwa nadra.

Mwaka 1938 serikali iliamua kupunguza mifugo ya Wakamba kwa lazima. Ng'ombe walitwaliwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, wakati kiwanda cha nyama kilikuwa kimejengwa Athi River. Mwishoni mwa Julai, zaidi ya watu elfu moja, wanaume kwa wanawake na watoto, walikwenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kumtaka Gavana Brooke-Popham awasikilize. Walipiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini uuzaji wa lazima ulikomeshwa. Ndiye mwenye barabara ile katikati ya Nairobi.

"Susu alikuwepo," nikamalizia. "Alikuwa mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake."

Kijana alilitazama lengelenge lake, akavaa kiatu, akasimama.

Siku ya tatu ndiyo iliyonifedhehesha. Kutoka Kangundo tulipita Tala, soko likiwa limefurika watu, huku Ol Donyo Sabuk ukionekana kaskazini. Baada ya hapo barabara inateremka kuelekea nchi tambarare yenye joto na vumbi. Malori yalitupita kwa kishindo. Saa saba mchana goti langu la kulia likagoma. Matatu ikasimama, makanga akatuita, "Mzee, ingia, kiti kimoja na nusu!" Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari umekanyaga ngazi ya gari.

"Baba," kijana akasema, "susu hakuazima nusu."

Makanga alicheka. Mimi nilishusha mguu. Tulikwenda tukipumzika kila baada ya hatua mia mbili, yeye akiwa amebeba mifuko yote miwili, hadi tukaufikia mwamba. Tuliupanda pamoja na mahujaji wengine, tukipita vituo vya Njia ya Msalaba bila haraka. Huko juu upepo ni mkali na nchi yote iko chini yako. Upande wa nyuma tuliiona milima tuliyotoka, mbali kiasi kwamba sikuamini miguu yangu.

Ukitaka kuijaribu safari hii na familia yako, epuka miezi ya mvua za masika na vuli. Vaa viatu vilivyozoea mguu, beba maji ya kutosha, na mpange mapema mtakakolala, kwani usiku si wa kubahatisha. Kilimani, kumbukeni kwamba wenzenu wamekuja kusali; zungumzeni kwa sauti ya chini.

Kabla ya kushuka, kijana alimpigia bibi yake simu, akaiweka kwa sauti ili nisikie.

"Mmefika kwa miguu?" mama akauliza.

"Kwa miguu, susu. Yote."

Kukawa kimya kwa muda, upepo tu ukivuma kwenye simu. Kisha akauliza kama tumekula.