Haki ya Mpenda Nyimbo

Kumpenda mwimbaji ni kumpenda mtu asiyekujua. Ampendaye jirani huweza kwenda kumwuliza kwa nini amebadilika. Awapendaye waimbaji hana mlango wa kubisha. Hupokea kazi yao mpya kama mtu apokeavyo barua ya ndugu aliye mbali: kabla ya kuisoma hutazama mwandiko, aone kama ni uleule. Ukiwa uleule hufurahi. Ukiwa mwingine huingiwa na wasiwasi. Basi nauliza: mpenda nyimbo anayo haki gani juu ya wale awapendao?

Mfano wangu ni Sauti Sol, kundi la Nairobi lililoanza 2005. Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi walikuwa waimbaji. Polycarp Otieno alipiga gitaa. Nimewafuata tangu albamu yao ya kwanza, Mwanzo, ya 2008, ambamo wimbo wa Lazizi ulinithibitishia kwamba Kiswahili kikipewa sauti zilizopatana na gitaa lililotulia hakihitaji pambo jingine. Kwa mwalimu wa lugha hii jambo hilo halikuwa burudani tu, lilikuwa hoja. Nilikuwa nimechoka kuambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya soko na siasa, na kwamba kijana wa mjini atakaye kutamka mapenzi hana budi kuazima ulimi. Vijana hawa walinijibia bila ya kujua kwamba niliulizwa.

Midnight Train ilitoka tarehe 5 Juni 2020. Mimi ilinifikia baadaye, nikiwa likizoni Buseresere, Wilaya ya Chato. Huo ni mji wa soko katika ukanda wa dhahabu wa Geita; mkulima, mchuuzi na mchimbaji hukutana hapo, na Kisukuma na Kiswahili hupokezana katika kinywa kimoja. Kijana mmoja mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo katika simu, anijuaye kwa kuwapenda watu hawa, alinipokea kwa shikamoo, kisha akanipa habari kama atoaye pole: “Mwalimu, jamaa zako wamehama. Wateja wanaulizia Suzanna tu. Hizo nyingine hawazitaki.”

Neno “wamehama” lilinichoma kwa sababu halikuwa tupu. Albamu ile ilitolewa na kampuni kubwa ya kimataifa. Ndani yake yumo India.Arie wa Marekani na kwaya ya Soweto ya Afrika Kusini, na Kiingereza kimekaa barazani kama mwenye nyumba. Sikusikitika kwa kuwa Kiingereza ni kibaya. Nilisikitika kwa kuwa hoja yangu ya miaka kumi na miwili ilionekana kuachwa na mashahidi wake wenyewe.

Lakini Usukumani kuna sheria ya kale juu ya jambo hili. Tangu karne ya 19 wachezaji wa ngoma wamegawanyika makundi mawili, Bagika na Bagalu. Yanaposhindana, kila upande hucheza katika uwanja wake kwa wakati mmoja, na hukumu hutolewa kwa miguu ya watazamaji: upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Kwa hiyo kila msimu wachezaji hutafuta jambo jipya, maana jambo la mwaka jana halimvuti mtu. Mtazamaji wa Kisukuma hana haki ya kumwamrisha mchezaji arudie mchezo wa zamani. Haki yake iko katika nyayo zake: kubaki au kuondoka.

Kwa sheria hiyo niliisikiliza albamu tena, wimbo baada ya wimbo. Katika Suzanna magitaa yana ladha ya nyimbo za zamani za Kenya, na mwimbaji analia juu ya mpenzi aliyebadilika. Tazama ajabu: lawama amwambiayo Suzanna ndiyo lawama ambayo wengi wetu tuliwaambia wao! Katika Rhumba Japani wamewaita waimbaji vijana, miongoni mwao Bensoul na Nviiri, wakapokezana nao kama wazee wakabidhio jembe. Disco Matanga imechukua jina la ngoma za usiku zichezwazo misibani magharibi mwa Kenya, ikalipeleka kwa wanamuziki wa Afrika Kusini. Hapo hawakuhama, walitembea na mzigo wao kichwani. Lakini katika nyimbo zilizotegemea Kiingereza zaidi, kama Brighter Days, nasikia sauti nzuri juu ya maneno ambayo mtu wa mji wowote duniani angeweza kuyaimba. Sauti ni yao; neno si la mtu. Kwa nyimbo hizo nyayo zangu ziliondoka, na sioni haya kusema hivyo, kama vile nisivyoona haya kusema kwamba kwa zile nyingine zilibaki.

Mwaka 2023 wanne hawa waliagana na mashabiki wao Nairobi, kila mmoja akashika kazi yake. Hivyo Midnight Train ndiyo albamu ya mwisho waliyoifanya pamoja kabla ya kuagana. Kijana wa kibandani alisema wamehama. Wakati umeonyesha kwamba kila kundi huhama, kwa albamu au kwa kutengana. Mpenda nyimbo hana haki ya kumzuia msafiri. Anayo haki ya kusema wazi ni lipi lililomgusa na lipi lililompita, bila chuki na bila kujipendekeza. Akinyamaza kwa heshima amewanyima waimbaji hukumu waliyostahili. Akitukana amejinyima mwenyewe nyimbo alizokwisha kupewa. Lazizi haikupungua hata neno moja kwa sababu ya Brighter Days. Hoja yangu nayo ingali imesimama, na kila mwaka naifundisha darasani kwa ushahidi ule ule.