Aunt: neno moja, wamama wengi



Siku ya posho iliyopita, mama mmoja wa chama chetu alitufikia nyumbani kabla hatujamaliza kufua. Mkononi alikuwa na telefone, na ndani ya telefone kulikuwa picha ya barua ya Kingereza. Hakuketi. Alituuliza tu: «Mwalimu, unisomee. Ni kweli wanasema mdogo wangu ni mwongo?»

Mdogo yake anaishi Tanzania, katika kambi ya Nyarugusu, ambako wengi wetu wa Kivu ya Kusini tuko na ndugu tangu vita vya 1996. Wanangoja safari ya Marekani. Pamoja naye yuko binti wa miaka 15, mtoto wa dada yao wa katikati. Dada huyo alikufa mtoto akiwa bado ananyonya. Mdogo akamchukua, akamfunga mgongoni, akamlea. Tangu siku ile hajamwita kwa jina lingine isipokuwa «mtoto wangu».

Tulisoma barua mara mbili. Haikusema kwamba ni mwongo. Ilisema kwamba majibu hayafanani, na iliomba maelezo. Siku ya mahojiano kila mtu aliulizwa peke yake. Mama aliulizwa: huyu binti ni nani kwako? Akajibu: ni mtoto wangu. Wakaandika «daughter». Binti naye akaulizwa: huyu mama ni nani kwako? Kwa kuwa alikuwa ameambiwa aseme ukweli wote, akajibu: ni mama mdogo. Mkalimani akasema «aunt».

Mambo hayakuishia hapo. Shangazi ya binti, yaani dada ya baba yake, anaishi katika kambi ile ile. Hajamlea hata siku moja. Naye katika orodha ya jamaa ameandikwa «aunt». Na yule mama mkubwa aliyesimama mlangoni petu na telefone, naye ni «aunt». Wamama watatu, neno moja. Mtu anayesoma karatasi hizo mbali, katika ofisi, atajua namna gani ni nani aliyemfunga mtoto mgongoni?

Hapo tulimwomba mama aketi, tukamweleza neno lenyewe, kama tunavyolieleza leo kwenu.

Katika Kingereza, «aunt» ni dada ya baba. Pia ni dada ya mama, akiwa mkubwa au mdogo, haidhuru. Pia ni mke wa mjomba, na mke wa baba mdogo au wa baba mkubwa. Tena watoto wengi wanamwita hivyo rafiki ya mama yao, asiye na damu moja nao. Katika magazeti ya Uingereza kuna mwandishi anayejibu barua za watu wenye shida za ndoa na za nyumba, naye wanamwita «aunt» wa shida. Hata redio ya BBC, Waingereza wameizoea kwa jina la utani «Auntie». Na Wamarekani wengi wakilitamka, linasikika sawasawa na neno lao la chungu, yule mdudu. Kwa hiyo msishangae mtoto akiwauliza kwa nini tantine anaitwa chungu.

Lakini tusiwacheke. Neno hilo Waingereza walilipata katika Kifaransa cha zamani, «ante», ambalo ndilo mama wa «tante» na wa «tantine» yetu. Nalo «ante» lilitoka katika Kilatini, «amita». Kwa Warumi, «amita» alikuwa dada ya baba tu, shangazi kamili. Dada ya mama alikuwa na jina lake, «matertera». Waingereza wenyewe, kabla Wanormandi hawajawaingilia mwaka 1066, walikuwa na neno moja kwa dada ya baba na lingine kwa dada ya mama. Walikuwa wanatenganisha kama sisi. Maneno yao yalikufa, kikapu kimoja kikabaki, wakatia wote ndani.

Na sisi je? Tuseme ukweli. Sisi tunaofundisha tunaliona kila mwisho wa muhula, siku ya kutoa bulletin. Tunamuuliza mtoto: nani amekuja kwa ajili yako? «Tantine.» Tantine gani? Mtoto ananyamaza. Hajui kama ni ndugu ya baba au ya mama, au jirani wa parcelle. Tumemzoeza kusema tantine kwa kila mama, kwa heshima, na heshima hiyo ni nzuri. Lakini kikapu chetu pia kinaanza kuwa kimoja.

Kwetu majina haya yana kazi. Shangazi ndiye anayetafutwa binti anapoposwa, na neno lake lina uzito upande wa baba. Mama mdogo na mama mkubwa ni mama. Mama akifa, mtoto hahesabiwi kuwa ameachwa bila mama. Ndiyo maana yule mdogo wa Nyarugusu hakudanganya aliposema «mtoto wangu», wala binti hakudanganya aliposema «mama mdogo». Katika Kiswahili majibu hayo mawili yanakaa pamoja bila ugomvi. Katika Kingereza yamegombana.

Tusiwachukie wale wanaouliza. Wanatafuta kujua kama mtoto yuko na watu wake kweli, maana wako watu wanaochukua watoto wasio wao na kusafiri nao. Swali ni jema. Jibu ndilo lilipita katika mlango mwembamba.

Basi, mama mwenye ndugu katika kambi, au mwenye karatasi za kujaza, tunamshauri mambo matatu.

La kwanza: usitoe jina tu, toa njia. Usiseme «mama mdogo» ukaishia hapo. Sema: ni dada ya mama yangu, yeye na mama yangu wamezaliwa kwa mama mmoja na baba mmoja. Kingereza chake ni rahisi, hata mtoto wa masomo ya chini atakishika: «my mother's sister». Na shangazi: «my father's sister». Ukisema hivyo, mkalimani hana nafasi ya kuchagua kikapu.

La pili: tenganisha kuzaa na kulea. Sema nani alimzaa mtoto, nani alimlea, tangu lini, na kwa sababu gani. Kusema «sikumzaa, nilimlea» hakupunguzi umama wako. Tunajua inauma kulisema mbele ya mtoto. Liseme nyumbani kwanza, kwa upole, ili asilisikie mara ya kwanza ofisini.

La tatu: kabla ya kutia sahihi, omba usomewe kwa Kiswahili yaliyoandikwa. Kama neno halikupendezi, sema hapo hapo.

Siku ile tulimpigia mdogo telefone, tukaandika naye maelezo, mstari kwa mstari. Mama aliyemzaa binti, jina lake, mwaka aliokufa. Dada yake aliyemlea tangu miezi minane. Shangazi, dada ya baba, ambaye hakumlea. Neno «aunt» hatukuliweka hata mara moja. Tulipofika kwenye maneno «sikumzaa», mdogo alinyamaza kwa muda mrefu, tukadhani mtandao umekatika. Kisha tukamsikia binti pembeni yake akisema: «Mama, andika tu. Mimi najua.»

Barua imetumwa. Jibu halijafika. Mama mkubwa anapita kwetu kila jioni kuuliza, na tunamjibu bado.

Juma hili, wamama, tuketi na watoto wetu tuwahesabie: huyu ni shangazi, huyu ni mama mkubwa, huyu ni mama mdogo, huyu ni jirani tunayempenda. Ni kazi ya robo saa. Siku moja mtoto ataulizwa peke yake, na sisi hatutakuwa chumbani.