Pedi ya Gemu Ilivyobadilika Mikononi mwa Wachezaji

Ni vifaa vichache vya burudani vilivyopata wakosoaji wakali kama kidhibiti cha michezo ya video, yaani kile kifaa cha kushikwa kwa mikono miwili ambacho wachezaji wengi wa Afrika Mashariki hukiita kwa kifupi pedi. Mchezaji huishika pedi kwa saa nyingi bila kuitazama, kwa sababu macho yake yako kwenye skrini na kazi yote ya kukitambua kifaa imeachiwa vidole, hivyo kasoro ambayo kwenye redio au simu ingepita bila kutajwa, kwenye pedi huzua mabishano ya miaka. Walioanza kucheza katika miaka ya 1990 wameziona pedi za vizazi kadhaa, na kumbukumbu zao zikifuatwa kwa makini hazitoi picha ya kifaa kilichokuwa kikiboreka mwaka hadi mwaka. Mengi waliyoyaomba walipewa na mengine wasiyoyaomba walipewa vilevile, lakini lile walilolilalamikia kuliko yote lilipatiwa dawa mapema, kisha dawa yenyewe ikawekwa kando kwa zaidi ya miaka 15.

Kwa wengi wa kizazi hicho katika miji kama Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, pedi ya kwanza haikuwa na kijiti wala mtetemo. Ilikuwa kipande bapa cha plastiki chenye msalaba upande wa kushoto na vitufe vichache upande wa kulia, kilichouzwa pamoja na mashine za kuigiza zilizofuata mfano wa Famicom, ambayo kampuni ya Nintendo iliitoa nchini Japani mwezi Julai 1983. Msalaba huo ulibuniwa na Gunpei Yokoi kwa ajili ya mchezo wa mkononi wa Donkey Kong wa mwaka 1982, mchezo uliokunjwa kama kitabu na ambao mfuniko wake usingefungika kama ungewekewa fimbo ya kusimama, mfano wa ile ya mashine ya Atari ya mwaka 1977. Wachezaji waliupenda msalaba kwa sababu kidole gumba kiliuhisi upande uliobonyezwa bila shaka yoyote. Walichokichukia ni pembe za kile kipande cha plastiki, zilizokuwa zikichoma viganja, pamoja na waya mfupi uliowalazimu kukaa karibu na televisheni na ambao ulikuwa na tabia ya kukatikia palepale unapoingia kwenye pedi.

Malalamiko ya viganja yalipata jibu la maana tarehe 3 Desemba 1994, Sony ilipoitoa PlayStation. Mbunifu wake, Teiyu Goto, aliipa pedi mikono miwili ya kushikia iliyoshuka chini, ili uzito ubebwe na vidole vya nyuma na vidole gumba vibaki huru, naye akaweka alama za pembetatu, duara, msalaba na mraba mahali ambapo washindani wake waliweka herufi. Alieleza baadaye kwamba pembetatu ilikusudiwa kuwakilisha mtazamo, mraba ulikuwa mfano wa karatasi, yaani orodha ya machaguo, na duara na msalaba vilikuwa ndiyo na hapana kama Wajapani walivyozoea kuvitumia. Nje ya Japani maana hizo zilipinduliwa, msalaba ukawa ndiyo, na tofauti hiyo iliendelea hadi mwaka 2020, PlayStation 5 ilipowataka Wajapani nao waubonyeze msalaba kukubali, jambo lililowakera wengi wao waliokuwa wamelizoea duara kwa zaidi ya miaka 25.

Katika vibanda vya gemu vya Afrika Mashariki, ambako vijana hulipia mechi au muda, alama hizo zilizoeleka kupitia mpira wa miguu, na hapo ndipo ugomvi mwingine ulipozaliwa. Katika mfululizo wa kampuni ya Konami, uliojulikana na wengi kwa jina lake la Kijapani la Winning Eleven, mraba ulipiga shuti na duara likarusha mpira wa juu, ilhali katika FIFA duara ndilo lililopiga shuti na mraba ukapiga krosi. Mchezaji aliyehama kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine alijikuta yuko peke yake na kipa, goli liko wazi, naye anapiga krosi inayotoka nje huku kibanda kizima kikimcheka. Watengenezaji wa FIFA waliliona tatizo, wakaweka mpangilio wa pili wa vitufe uliowafaa waliotoka upande wa pili, na pengine hakuna ushahidi ulio wazi zaidi kwamba kilichozoewa na vidole kina nguvu sokoni kuliko kilicho bora.

Kijiti cha analogi kilipoingia, mazungumzo yote yalibadilika. Neno analogi hapa lina maana ya kifaa kinachopima kiasi: ule msalaba wa mwelekeo hujua tu kwamba umebonyezwa au haukubonyezwa, bali kijiti hujua kimesukumwa kwa pembe gani na kwa umbali gani, hivyo mhusika wa mchezo anaweza kutembea polepole au kukimbia kwa msukumo wa kidole kilekile. Nintendo 64, iliyotoka Japani mwezi Juni 1996, ilikuja na kijiti kimoja katikati ya pedi yenye mikono mitatu, umbo ambalo hadi leo huwafanya watu waulize mkono wa tatu ulikuwa wa nani. Chini ya kijiti hicho kulikuwa na magurudumu madogo yenye matundu, na mwanga uliopita kwenye matundu hayo ndio uliohesabu mwendo, mpango ambao kwa upande wa vipimo ulikuwa imara. Kilichoshindwa ni plastiki iliyokishikilia kijiti, ambayo ilisagika kwa msuguano hadi unga mweupe ukajaa ndani na kijiti kikalegea kama jino bovu. Mchezo wa Mario Party uliharakisha maangamizi hayo, kwani baadhi ya mashindano yake yalimtaka mchezaji akizungushe kijiti kwa kasi, na watoto waligundua kwamba kiganja kinazungusha haraka kuliko kidole gumba. Viganja vilichubuka kiasi kwamba mwaka 2000 tawi la Nintendo nchini Marekani lilikubaliana na Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York kugawa glavu kwa wachezaji.

Mwaka huohuo wa 1996 kampuni ya Sega ilitoa pedi ya vipimo vitatu kwa mashine yake ya Saturn, na ndani ya kijiti chake hapakuwa na kitu cha kusagika katika kupima mwendo. Ilitumia kihisi cha sumaku, kilichojengwa juu ya jambo lililogunduliwa na mwanafizikia Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879, kwamba sumaku ikisogezwa karibu na kipitisho chenye mkondo wa umeme huzalisha volteji ndogo inayoweza kupimwa. Kijiti hubeba sumaku, kihisi hukaa mbali kidogo, na viwili hivyo havigusani kamwe. Sega ilirudia mpango huo kwenye Dreamcast ya mwaka 1998, kisha mwaka 2001 ikaacha kutengeneza mashine za michezo za nyumbani, na ujuzi huo ukawa nadra katika pedi za makampuni makubwa.

Pedi nyingi zilizobaki zilifuata njia ya Sony, iliyotoa pedi ya vijiti viwili mwaka 1997, kisha mwishoni mwa mwaka huo pedi yenye mtetemo iliyoitwa DualShock. Vijiti hivyo viwili vilipangwa sambamba chini ya msalaba wa mwelekeo na vitufe, kwa sababu viliongezwa kwenye umbo ambalo tayari lilikuwapo, ilhali pedi za Xbox za Microsoft zilikuja kukipandisha kijiti cha kushoto juu, mahali kidole gumba kinapotulia chenyewe. Wachezaji hawajaacha kubishana juu ya mipangilio hiyo miwili, na anayepima kwa mkono wake bila ushabiki ataona kwamba mpangilio wa Xbox unafaa pale mchezo unapoendeshwa kwa kijiti na ule wa Sony unafaa pale msalaba unapotawala. Walioujua mpira wa Winning Eleven kwa msalaba waliendelea kuutumia kwa miaka mingi baada ya vijiti kuwapo, wakidai kwamba kijiti kinachelewesha kugeuka.

Juu ya ukubwa wa pedi, kisa cha Xbox ya kwanza kinatosha. Pedi yake ya mwaka 2001 ilikuwa kubwa kiasi cha kubandikwa majina ya dhihaka, na ile ndogo iliyokusudiwa mikono ya Wajapani ndiyo iliyochukua nafasi yake duniani kote katika muda usiofika miaka miwili. Mtetemo nao ulidhihirisha thamani yake ulipokosekana: PlayStation 3 ilitoka mwaka 2006 na pedi isiyotetema, wakati Sony ikiwa kwenye kesi ya hataza na kampuni ya Immersion, na baada ya pande hizo kupatana mwaka 2007 mtetemo ulirudi kwenye DualShock 3.

Waya uliondoka katika kipindi hichohicho, na huko vibandani si kila mtu aliyefurahi. Nyumbani, pedi isiyo na waya ni raha. Kibandani, ambako pedi moja hupita mikononi mwa makumi ya watu tangu asubuhi hadi usiku, betri huisha katikati ya mechi iliyokwisha kulipiwa, na tundu la kuchajia, lililokuwa dogo na laini hadi PlayStation 4, huwa la kwanza kulegea. Mwenye kibanda ni mtaalamu wa pedi ambaye mbunifu angefaidika kumsikiliza, kwa kuwa huona ndani ya miezi michache uchakavu ambao mnunuzi wa kawaida atauona baada ya miaka. Yeye ndiye anayejua kwamba raba ya juu ya vijiti vya DualShock 4 huchanika na kubanduka, na kwamba chini ya kitufe kilichokuwa kigumu mara nyingi kuna kipande cha mpira kilichochoka tu.

Anajua pia ugonjwa ambao umeandamwa na malalamiko kuliko yote, ule wa kijiti kujiendesha, ambapo mchezaji kwenye skrini anatembea kuelekea upande mmoja ilhali hakuna kidole kilichogusa chochote. Chanzo chake kinaonekana kwa macho kijiti kikifunguliwa. Pembeni mwa kisanduku chake mna vipinga viwili vinavyobadilika, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha juu na chini, na kila kimoja kina utepe wa kaboni unaosuguliwa na ulimi mdogo wa chuma kila kijiti kinaposogea. Ulimi ukipita maelfu ya mara juu ya eneo la katikati, kaboni hulika na vumbi lake husambaa, hivyo umeme unaosomwa kijiti kikiwa kimetulia hauwi tena ule wa katikati, na mashine hudhani kwamba kimesukumwa. Watengenezaji wa michezo hulificha jambo hilo kwa eneo bubu, yaani mduara mdogo katikati ambamo programu huamriwa ipuuze mwendo wowote, lakini eneo bubu likipanuliwa sana kijiti hupoteza ule wepesi uliokifanya kitafutwe. Fundi naye hupuliza dawa ya kusafishia nyaya, ambayo husaidia kwa siku kadhaa, au hung'oa kijiti kizima kwa kuyeyusha risasi kwenye miguu yake 14 na kupachika kilichotolewa kwenye pedi nyingine iliyokufa.

Kilio kilikuwa kikubwa zaidi kwenye Joy-Con, pedi ndogo za Nintendo Switch ya mwaka 2017, ambazo vijiti vyake ni bapa na njia zake za kaboni ni nyembamba. Kesi zilifunguliwa Marekani mwaka 2019, rais wa kampuni, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi mbele ya wanahisa mwezi Juni 2020, na Januari 2021 muungano wa vyama vya walaji vya Ulaya, BEUC, ulipeleka mashtaka kwa Tume ya Ulaya ukiwa na malalamiko yanayokaribia 25,000. Hapo ndipo wachezaji walipoanza kuuliza kwa sauti kwa nini sumaku za Sega zilisahauliwa. Waliowajibu kwanza walikuwa watengenezaji wadogo wa China, kama GuliKit, ambao walianza kuuza pedi na vijiti vya badala vyenye vihisi vya Hall kwa bei ya kawaida, na hivyo kudhoofisha dhana kwamba kaboni ilikuwa ikitumika kwa sababu ya gharama pekee.

Kwamba makampuni makubwa huweza kusikiliza yakitaka, kuna ushahidi. Mwaka 2018 Microsoft ilitoa pedi kwa ajili ya watu wenye ulemavu, sanduku bapa lenye vitufe viwili vikubwa na matundu 19 ya kuunganishia vifaa vya nje, kila tundu likisimama badala ya kitufe kimoja, ili anayecheza kwa mguu, kiwiko au kidevu ajipangie mwenyewe. Ilibuniwa pamoja na mashirika yanayowahudumia wachezaji hao, yakiwamo AbleGamers la Marekani na SpecialEffect la Uingereza, na Sony ilifuata na pedi yake ya aina hiyo mwezi Desemba 2023. Hata kisanduku cha kufungashia pedi hiyo ya Microsoft kilitengenezwa kwa namna ambayo kingeweza kufunguliwa kwa mkono mmoja.

Juu ya kijiti cha kawaida majibu yamekuwa ya kubana zaidi. DualSense, pedi ya PlayStation 5 ya mwaka 2020, ilileta mtetemo unaotofautisha mchanga na barafu, na vifyatuo vya nyuma vinavyokaza kidole kinapovuta upinde, lakini vijiti vyake vilibaki vya kaboni. Toleo lake la ghali, DualSense Edge la mwaka 2023, lilimruhusu mchezaji kuchomoa kijiti kilichochakaa na kupachika kipya bila fundi, kwa dola 19.99 kila kimoja juu ya dola 199.99 za pedi yenyewe. Switch 2 ilipotoka mwezi Juni 2025, Nintendo ilisema vijiti vyake vimebuniwa upya, vikiwa vikubwa na laini zaidi, ila havitumii kihisi cha Hall. Mafundi wa simu wanaotengeneza na pedi, kwa hiyo, hawajapungukiwa na kazi.