Paka Wetu Mchanga

Huenda wengine wenu watacheka wakiona mwalimu mzima ameketi kuandika habari za paka. Na wacheke. Lakini kila mwenye mahindi darini ajua ni nani alindaye chakula chake usiku, wala hadai mshahara.

Paka wetu alikuja nyumbani akiwa mdogo sana. Kabla hajatimiza miezi minane tuliona chuchu zake zimekuwa nyekundu na tumbo limeanza kujaa. Tulistaajabu, maana machoni petu alikuwa mtoto bado. Kumbe paka jike aweza kushika mimba hata akiwa na miezi 4 au 5, kabla mwili wake haujamaliza kukua. Na mimba yenyewe ni majuma 9 tu. Ukiisha kuliona tumbo, siku zilizobaki ni chache.

Basi mwenye hali hiyo hula kwa kazi mbili: kuukuza mwili wake na kuwalisha walio tumboni. Sisi desturi yetu ilikuwa kumpa makombo ya ugali, tukisema panya ndio kitoweo chake. Tumbo likazidi kukua, na mbavu zikaonekana. Jirani yetu, bibi mmoja mzee, alipomwona alisema, "Mwalimu, huyu mwali wenu mwamtumikisha kwa njaa."

Tukaona haya. Tangu siku ile tulimpa dagaa za kuchemsha zisizo na chumvi, kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku, kwa kuwa tumbo lililosongwa na watoto halipokei chakula kingi kwa mara moja. Maziwa ya ng'ombe tulimpa siku moja, akahara, hatukurudia. Tukaweka kapu lenye matambara makavu katika pembe ya giza. Bibi alituonya pia ya kuwa akisukuma kwa nguvu nusu saa nzima wala mtoto hatoki, aitwe bwana mifugo upesi, asivutwe kwa mikono. Neno lake la mwisho lilikuwa hili: "Mwali hutiwa ndani, hachunguliwi."

Neno hilo hatukulishika. Alizaa salama watoto watatu, nasi kwa furaha tukalitoa kapu uani siku ya pili, tukawaita wanafunzi waje kutazama. Kila mmoja alitaka kushika. Mama yao alizunguka-zunguka akilia, nasi tukacheka.

Usiku ule aliwahamisha mmoja mmoja kwa meno, akawapandisha juu ya paa la jiko. Mvua ikanyesha. Asubuhi tulikuta wawili chini ya makuti, na wa tatu ameanguka juu ya mafiga, baridi kabisa. Mtoto mmoja wa shule akauliza, "Mwalimu, ni sisi tuliomwua?" Tulikawia kujibu. Kisha tukasema, "Si ninyi. Ni mwalimu wenu aliyewaita."

Tulilirudisha kapu gizani, tukaweka dagaa karibu, tukafunga mlango wa mbele na kuacha dirisha wazi. Siku ya tatu yake alirudi mwenyewe na wawili wake. Macho ya watoto wa paka hufumbuka kati ya siku ya 7 na ya 14. Ya hawa yalifumbuka siku gani hatujui, maana hatukwenda kutazama.