Kiigembe cha Laare: Baina ya Maandishi na Sauti

Mijadala kuhusu lugha za kiasili nchini Kenya aghalabu huendeshwa kwa sauti ya matanga. Lugha zinakufa, husemwa, na vyombo vya dijitali vinatakiwa viziokoe kabla ya maziko. Msimamo huo una ukweli kwa baadhi ya jamii. Wayaaku wa Mukogodo ni mfano mchungu. Hata hivyo, mtu akishuka Laare, katika vilima vya Nyambene, huenda akauliza maiti yenyewe iko wapi. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wameru karibu milioni 2, na soko la miraa la mji huo hunena Kiigembe kutwa kucha.

Miraa ni zao lisilongoja. Nguvu yake hufifia siku mbili tatu baada ya kuchumwa, kwa hiyo lugha ya biashara hiyo ni ya haraka, ya mkato na yenye msamiati mpana. Miti mikongwe huitwa mbaine, jina linalotokana na rika la wazee wa zamani. Hivyo historia ya jamii imo katika bei ya kila siku. Hata neno la kigeni likiingia hapo hubadilishwa tabia: kilo ya miraa haina uhusiano na mizani, ni mafungu yaliyofungwa pamoja. Mambo haya yote siku hizi hupita katika simu, hasa kwa ujumbe wa sauti, kwa kuwa kusema ni kwepesi kuliko kuandika. Herufi ĩ na ũ, ambazo Kimeru hakiwezi kuzikosa, ni adimu katika vibonye vya simu nyingi. Waandikao hutumia i na u tupu, na msomaji akabaki kukisia.

Kilichopungua ni kingine, na ndicho kinachomhusu mhakiki wa fasihi. Gaaru, nyumba ya vijana wa vita, ilikuwa pia shule ya maneno: mafumbo, majigambo, usemi wa kiapo. Mûgwe, aliyebariki watu, alikuwa na ulumbi wake. Bernardo Bernardi alipochapisha kitabu chake juu ya Mûgwe mwaka 1959, tayari alimwita nabii anayeshindwa. Taasisi zilipoanguka, mitindo ya usemi iliyozikalia ilikosa pa kukaa. Lugha inaweza kuwa na wasemaji wengi na bado ikawa imepoteza vyumba kadhaa vya nyumba yake.

Maandishi hayakukisaidia Kiigembe sana. Wamethodisti walijenga kituo chao Kaaga, katika nchi ya Waimenti, na Biblia ya Kimeru iliyokamilika mwaka 1964 ilisimama juu ya lahaja ya Kiimenti. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Anakumbuka jinsi Kiunguja kilivyoteuliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na jinsi Kimvita, chenye hazina yake kubwa ya ushairi, kilivyoachwa mlangoni. Inasisimua kuona kwamba H. E. Lambert, aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya ya Meru katika miaka ya 1930, ndiye baadaye aliyechapisha vijitabu juu ya Kivumba, Kichifundi na Kijomvu, lahaja ndogo za pwani ambazo usanifishaji ulizipita. Ni bahati mbaya kwamba lahaja za Nyambene hazikupata mapenzi ya namna hiyo.

Sauti ilikuja na ahadi nyingine. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipopendekeza Idara ya Kiingereza ya Nairobi ifutwe, waliiweka fasihi simulizi katikati ya masomo, na kinasa sauti kikawa chombo cha mwanafunzi wa fasihi. Lakini sehemu kubwa ya kilichokusanywa nchini iliishia kuchapwa kwa Kiingereza. Jeffrey Fadiman aliwahoji wazee wa Meru mnamo 1969 na 1970. Kitabu chake cha 1993 ni hazina isiyokanika. Lakini mjukuu wa wazee hao atakayekisoma atayakuta maneno ya babu zake yamevishwa lugha ya wageni. Daniel Nyaga alitenda kinyume mwaka 1986: aliandika Mikarire na Mituurire ya Ameru kwa Kimeru chenyewe. Kisha redio za lugha za kiasili zikaenea baada ya Kameme FM kufungua njia mwaka 2000, na Muuga FM ikawa na hadhira yake Meru. Siku hizi vijana hurekodi vichekesho na nyimbo na kuzisambaza mtandaoni bila kuomba ruhusa ya mhariri yeyote. Baadhi ya kazi hizo ni hafifu. Lakini lafudhi ya Igembe, ambayo kitabu kiliinyima nafasi, inasikika.

Hapa ndipo penye hatari ambayo wapiga debe wa dijitali huipita haraka. Mitambo ya kutambua usemi hujifunza kutokana na data iliyopo. Mwaka 2023 kampuni ya Meta ilitoa mfumo wa usemi wa lugha zaidi ya 1,100, na msingi wake mkubwa ulikuwa usomaji wa Agano Jipya. Kwa Kimeru, njia hiyo itaurudisha uteuzi wa 1964 kwa mlango wa nyuma: mtambo utamsikia muuza miraa wa Laare kama Mwimenti anayekosea. Watafiti wa Kencorpus, waliokusanya Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya kwa saa zipatazo 177 za sauti, walitenda kwa busara zaidi. Kiluhya hawakukichukua kama kitu kimoja; walikikusanya kwa lahaja tatu, Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu, kila moja kwa jina lake.

Kanda za Nyambene zilizomo mtandaoni kwa kawaida hubandikwa jina moja tu, Kimeru. Nani anasema, ni wa rika gani, wa kilima kipi, na waliokuwa wakimsikiliza walijibu nini: hayo hayaandikwi, ingawa wengi wa waliorekodiwa wangali hai na wangeyajibu kwa dakika chache.