Utukufu wa Dakika Nyingi

Kigangoni kwetu, Songea vijijini, padre alifika mara moja kwa mwezi na kinanda hakikufika kabisa. Jumapili nyingine zote ibada iliongozwa na katekista, mzee mwembamba aliyekuwa na desturi ya kukohoa kabla ya kuanzisha wimbo. Akianzisha juu mno, akina mama walimvumilia mpaka ubeti wa pili. Hapo mmoja wao alishusha sauti bila kuomba ruhusa, na kanisa zima likashuka naye. Hakuna aliyegeuka kutazama nani kashusha. Katekista mwenyewe alishuka pia, akaendelea kama vile ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo.

Nyimbo zilikuwa chache. Kitabu cha nyimbo, Chiriku, kilikuwa kimoja, cha katekista, kimevalishwa gazeti kwa sababu jalada lake lilishatoka. Sisi wengine tulikuwa nazo kichwani. Kwaresima ilikuwa na zake, Noeli na zake, na miezi ya Mei na Oktoba ilikuwa ya Bikira Maria. Mtoto alifika Komunyo ya kwanza akiwa anazijua zote, maana alizisikia tangu yuko mgongoni. Mama aliziimba shambani akipalilia mahindi, na huko ndiko nilikojifunza sauti ya pili. Shangazi, aliyekuwa tuta la pili, hakupenda kuimba sauti ileile aliyoimba wifi yake.

Nikizisimulia enzi hizo mtu anaweza kudhani nazililia. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya tulichoimba ilikuwa imevaa nguo ya kuazima. Wabenediktini waliofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898 walitoka Ujerumani, wakaja na tuni za kwao, na maneno ya Kiswahili yakapangwa juu yake. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali tuni ilikaza pale ilipotaka yenyewe, kwa hiyo tuliimba maneno yetu kwa lafudhi ambayo hakuna aliyeitumia sokoni. Na Kilatini nacho kilikuwepo. Bibi yangu aliimba Tantum ergo bila kukosea hata neno, na maana yake alimwachia Mungu.

Ngoma ilibaki nje. Hilo nalo lilikuwa na andiko lake: mwaka 1903 Papa Pius X alitoa waraka juu ya muziki wa kanisani, akapiga marufuku piano, na pamoja nayo ngoma, matoazi na ala nyingine za kelele. Waraka huo ulilenga zaidi makanisa ya Ulaya, ambako muziki wa tamthilia ulikuwa umejipenyeza hadi altareni. Lakini ulipofika kwetu ulikuta watu ambao bila ngoma hawakuwa na harusi wala mavuno.

Aliyeshughulika na fundo hilo kwa kalamu alikuwa mwana wa huko huko kwetu, Padre Stephen Mbunga. Alikuwa ameshatunga Misa Baba Yetu kwa Kiswahili, na mwaka 1963 kilichapishwa kitabu chake, Church Law and Bantu Music, kilichopekua sheria za Kanisa kutafuta nafasi ya muziki wa Kibantu. Mwaka huohuo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia, Sacrosanctum Concilium, iliyotaka muziki wa watu wa nchi za misheni upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Hati hiyohiyo iliupa wimbo wa Kigregori nafasi ya kwanza na kukisifu kinanda cha mabomba, kwa hiyo kila mwenye upendeleo wake alipata mstari wa kuunukuu. Na mpaka leo wanaunukuu.

Ngoma ilipoingia kigangoni kwetu, aliyepinga kuliko wote alikuwa baba yangu mdogo, mpiga ngoma ya lizombe aliyejulikana kata nzima. Alisema yeye ngoma ile anaijua, anajua jana ililala wapi na ilikuwa na akina nani. Miezi kadhaa alikaa benchi la nyuma, mikono kaikunja. Vijana tuliona ushamba. Leo namwelewa zaidi: mtu akichagua wimbo wa kanisani huchagua pamoja na kumbukumbu zake zote, na za kwake zilikuwa za kilabuni.

Sasa naishi Dar es Salaam. Parokia yetu ina Misa kadhaa kila Jumapili, na kila Misa ina kwaya yake, sare zake na mpiga kinanda wake. Njaa ya Mbunga imeshibishwa. Tuna watunzi wetu wanaojua mkazo wa Kiswahili unakaa wapi. Marehemu John Mgandu, aliyefundisha muziki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ametuachia nyimbo zinazoimbwa mpaka Kenya. Bernard Mukasa ana maneno ambayo hata bila muziki ungeyasoma. Nota mpya inatumwa kwa simu katikati ya wiki, kwaya inakesha nayo mazoezini, na Jumapili sauti nne zinatoka zimenyooka. Katekista wetu angesikia besi ya vijana hawa angetafuta mahali pa kukaa.

Tatizo ni sisi tulio kwenye mabenchi. Jumapili moja nilisimama karibu na mama mmoja mtu mzima aliyevaa kitenge cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Padre alipomaliza tendo la toba, kinanda kikalia, naye akajiweka sawa, akafungua kinywa kuimba Utukufu. Mstari wa kwanza aliukisia vizuri. Wa pili tuni ikakata kona, tena wanawake wakaachia wanaume, na wanaume wakapokezana na solo. Mama akafunga kinywa. Alijaribu tena kwenye kiitikio, lakini kiitikio kiliporudi mara ya pili kilikuwa kimepandishwa ufunguo. Tulisimama dakika nyingi, kanisa zima, tukiitazama kwaya inavyomtukuza Mungu kwa niaba yetu. Yule mama alilipata neno moja la uhakika mwishoni: Amina. Kisha watu wakapiga makofi.

Si kwamba Kanisa halikuliona hilo. Maagizo ya Musicam Sacram ya mwaka 1967 yanaipa kwaya heshima yake, lakini yanakataa desturi ya kuiachia kwaya peke yake nyimbo zote za Misa huku waamini wakitengwa kabisa. Kwetu hakuna aliyekaa kikao akaamua kuwatenga waamini. Imetokea kwa sababu nyimbo mpya ni nyingi na ni nzuri, na wimbo mpya kila wiki hauna mtu wa kuujua isipokuwa aliyehudhuria mazoezi.

Msibani ndipo hesabu inapofungwa. Mwaka jana tulimpoteza mwanakwaya, tena wa kwaya yenye jina, mtu aliyeimba sauti ya teno kwa miaka mingi. Mchana wenzake walikuja na kinanda, wakamwimbia kama alivyostahili. Usiku tukabaki wanandugu, majirani wa jumuiya na baadhi ya wanakwaya hao hao, tumekaa kwenye mikeka. Saa nane hivi mtu akaanzisha wimbo gizani, na ulikuwa wa Bikira Maria, ule wa zamani, wenye tuni ya Kijerumani na mkazo wa kuchechemea. Wote tuliuitikia. Wanakwaya waliitikia, watoto waliokuwa macho waliitikia kiitikio. Ukafuata mwingine wa umri huohuo. Katika mamia ya nyimbo alizojifunza marehemu, hakuna hata mmoja ulioanzishwa usiku ule, maana anayeanzisha wimbo msibani huanzisha ule anaojua utapokewa.

Ningependa sana huo unaopokewa uwe wa Mgandu au wa mtunzi ambaye hata hajazaliwa. Inaniuma kidogo kwamba, baada ya kazi yote ile ya kutafuta sauti yetu, saa ya shida tunarudi kwenye nguo ya kuazima. Lakini nguo hiyo ilivaliwa kila siku mpaka ikawa ya mwili wetu, na hizi mpya tunazivaa Jumapili moja tu, kisha zinafungiwa sandukuni.

Baada ya Misa nyingine nilimwendea mwalimu wa kwaya, kijana msikivu ambaye siku za kazi ni fundi umeme.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Utukufu wa leo umenigusa. Tutausikia tena lini?”

Akacheka. “Jumapili ijayo tuna mwingine, umetoka juzi tu.”

“Mngeurudia huu, nasi tungeushika.”

“Watu watauchoka, mzee.”

“Wimbo ambao watu hawajauchoka, mwalimu, hawajaujua bado.”

Alikuna kichwa, kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Wanaochoka kwanza ni wanakwaya wake. Wanapanda daladala jioni baada ya kazi, hawalipwi hata nauli, na kinachowaleta ni wimbo mpya. Akirudia ule ule mwezi mzima, nusu watahamia kwaya ya Misa ya pili. Sikuwa na jibu la hilo.

Tukapatana kwa kidogo. Tafakari baada ya Komunyo ni yao, waimbe wapendavyo, nasi tutasikiliza kwa moyo mmoja. Mwanakondoo atauacha mmoja, usibadilike mpaka Jumatano ya Majivu. Alikubali, na neno lake alilitunza. Wiki za mwanzo tulinong’ona, kisha tukaimba, na mwishowe akaniita pembeni, uso kaukunja.

“Mzee, wameushika, lakini wanaburuta. Kinanda kinawaacha.”

Nikamwambia kinanda kingoje.