Vumbi Ndani ya Rangi

Kwa karne nyingi washairi wetu wameusifu Mwezi. Wameufanya uso wa mpendwa, taa ya msafiri na kalenda ya mvuvi anayengoja bamvua. Lakini tangu Julai 1969, binadamu alipoukanyaga, swali limetukabili: sifa hizo zina haki gani, ikiwa tunajua kwamba Mwezi ni mawe na vumbi tu? Katika miaka yangu ya kufundisha ushairi, wanafunzi waliniuliza swali hilo mara kwa mara, wengine kwa utani, wengine kwa dhati. Jibu linaloniridhisha nimelipata kwa mchoraji aliyefika huko kwa miguu yake.

Alan Bean, Mmarekani, alikuwa mtu wa nne kukanyaga Mwezi. Tarehe 19 Novemba 1969, yeye na Pete Conrad, wanaanga wa Apollo 12, walitua katika Bahari ya Tufani, bahari isiyo na tone la maji. Mwenzao, Richard Gordon, alibaki katika chombo kilichokuwa kikiuzunguka Mwezi. Mapema katika matembezi yao ya kwanza, kamera ya televisheni ilielekezwa kwenye Jua kwa bahati mbaya, ikaharibika. Waliokuwa wakitazama duniani wakabaki kusikiliza sauti.

Mwaka 1981 Bean aliacha kazi ya uanaanga, akashika brashi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: wapo wengine wa kurusha vyombo vipya, lakini hakuna mchoraji mwingine aliyewahi kusimama Mwezini. Alichora hadi uzeeni, akafariki mwaka 2018.

Namna alivyochora ndiyo inayonivutia zaidi. Kabla ya kupaka rangi, aliutia ubao makovu kwa nyundo iliyotumika Mwezini, akaukandamiza kwa nakala ya soli ya kiatu cha mwanaanga. Kisha alichanganya humo chembe za beji za vazi lake, zilizokuwa zimeingiwa na vumbi la Mwezi. Vumbi lenyewe, basi, limo ndani ya mchoro.

Hata hivyo, juu ya vumbi hilo alipaka zambarau, chungwa na kijani, ilhali ardhi aliyoiona ilikuwa ya kijivu. Katika mchoro mmoja alimsimamisha Gordon Mwezini pamoja na wenzake wawili, ingawa Gordon hakuwahi kushuka. Je, shahidi huyu ametudanganya?

Mimi nasema hapana, na Kiswahili kinanisaidia kueleza. Tazameni majina yetu ya rangi: kijani kimetoka kwenye jani, kahawia kwenye kahawa, zambarau kwenye tunda, na kijivu kwenye jivu. Mababu waliozaa maneno haya walishika kitu kwanza, ndipo wakapata rangi. Bean naye alishika kitu kwanza. Mwezi wake wa zambarau umesimama juu ya alama ya nyundo. Gordon wake anayetembea Mwezini amesimama juu ya safari ya kweli, kwani alisafiri na wenzake njia nzima, akawangoja peke yake, akawarudisha nyumbani. Kamera isingeweza kuonyesha deni hilo la urafiki, brashi iliweza.

Kwa hiyo, ndugu washairi, kosa haliko katika kumfananisha mpendwa na Mwezi. Kosa ni kumfananisha na Mwezi tuliousoma kwa washairi wengine, tukaupokea kama sarafu iliyofutika maandishi kwa kupita mikono mingi. Vina vinaweza kutimia, mizani ikakaa sawa, na bado ubeti ukakosa hata punje ya vumbi.

Nawaachieni zoezi, kwa mazoea ya ualimu. Usiku wa mwezi mpevu tokeni nje, mtazame mabaka yake meusi kwa macho matupu. Hayo ndiyo zile bahari kavu. Andikeni mambo matatu mliyoyaona wenyewe, bila tashibihi hata moja. Halafu tungeni ubeti, mkipaka rangi yoyote mnayoitaka juu ya hayo matatu. Nitafurahi kuzisoma beti hizo.